Jino Bovu na Farasi Mwoga

Wanasema mtu hajisifu, anasifiwa. Sawa. Lakini mimi nimengoja kusifiwa miaka mingi, na wale wanaopaswa kunisifu naona wana kazi nyingine, kwa hiyo leo nitajisifu mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtuliza farasi jike ambaye wanaume waliozaliwa katikati ya mifugo walishindwa naye. Nilimtuliza bila fimbo na bila dawa. Nusu ya ushindi huo, sitaficha, nilipewa na jino bovu.

Mimi si mtu wa mifugo. Nilizaliwa upande wa Ntoto, katika pori la Walikale, ambako mnyama mkubwa tunayemjua ni yule anayeletwa nyumbani begani akiwa amekwisha kufa. Baba yangu alikuwa mwindaji, na asipowinda alilima muhogo. Farasi nilikuwa nimemwona katika kitabu cha katekisimu tu, amepandwa na askari wa Kirumi, na nilidhani ni mnyama wa zamani za Biblia ambaye alikwisha duniani. Nilipoolewa Masisi, nikapanda huku kwenye baridi na ukungu, siku ya tatu nikamwona mtu amekaa juu ya farasi anarudisha ng'ombe. Nilipiga magoti nikafanya ishara ya msalaba. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika mbavu, na hadithi hiyo anaisimulia mpaka leo kwenye kila arusi, hata ya watu asiowajua vizuri.

Baadaye nilipata kazi katika shamba la ng'ombe lililo juu ya kijiji chetu. Nilikuwa mama wa fromaji, yaani jibini. Kwa miaka kumi na moja nilipasha maziwa moto, nikayagandisha, nikayakamua kwa kitambaa, nikalaza fromaji katika maji ya chumvi. Mikono yangu ilikuwa na chumvi kuanzia asubuhi hadi jioni. Chumba chetu kilikuwa na dirisha linalotazama zizi la farasi watano wa shamba, na mmoja wao, jike wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, alizoea kuingiza kichwa dirishani na kunilamba vidole. Wenzangu walisema ananipenda. Anapenda chumvi, niliwaambia, msinidanganye. Lakini moyoni nilifurahi sana, maana katika miaka yote hiyo hakuna kiumbe mwingine aliyekuja dirishani pale kunitafuta mimi.

Kisha wakaanza kuja wageni. Siku ambazo barabara inapitika, watu wa Goma hupita Mubambiro na Sake, wakapanda kwetu Jumapili kutafuta hewa na majani. Mwenye shamba, ambaye anaishi mjini, akaamuru farasi wale waliozoea kuchunga ng'ombe waanze kubeba wageni. Msafara ulikuwa wa farasi watano, mmoja nyuma ya mwingine, kupitia mashamba ya viazi na maharagi hadi kwenye kilele ambako ukungu ukifunguka unaona ziwa kwa mbali. Mbele alipanda kiongozi wetu, mchungaji wa miaka mingi, mwanamume mrefu mwenye kofia pana ambayo nadhani hata akilala haivui. Nyuma kabisa alitembea mtu kwa miguu, akishika kamba ya farasi wa mwisho. Mtu huyo nikawa mimi, kwa sababu jike yule alikataa kutoka zizini mpaka niletwe kutoka kwenye fromaji, nimevaa bado aproni.

Kwa hiyo nikawa mwanamke wa kwanza kutembea na msafara wa farasi katika vilima vile, na mtu wa pori juu ya hayo. Unaweza kuwaza maneno niliyoyasikia. Wanaume walisema nitawatega farasi kwa mitego ya baba yangu. Niliwajibu kwamba mtego wa baba yangu ulikamata wanyama wenye akili, wao wasiwe na wasiwasi.

Lakini jike aliniaibisha. Akiwa zizini alikuwa mpole kama mbuzi wa nyumbani. Njiani alikuwa mwingine. Tukienda kidogo, ghafla anainua kichwa, masikio yanasimama, anaanza kulia kwa sauti ya kuchana masikio. Jasho linamtoka shingoni katika baridi ile. Anazunguka na mgeni wake mgongoni, anarudi nyuma, anasukuma, na mara mbili alinivuta kamba mikononi mpaka ngozi ikatoka. Siku moja alikimbia mteremko mzima na mgeni mmoja, mzee mnene mwenye heshima zake, akamwacha katikati ya viazi vya watu. Mzee hakuumia. Aliinuka na udongo kwenye ndevu, akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya matembezi.

Jioni ile msimamizi wa shamba aliniita. Sote tulimwita Papa Shefu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka.

"Mama," akasema, "nakupatia siku ya yenga inne. Jumapili inne tu. Kama ile farasi haitulie, inaenda Nyamitaba."

Nilijua maana ya Nyamitaba. Kulikuwa na mtu kule aliyetafuta farasi wa kushusha magunia ya viazi kutoka mashambani. Hakuwa na farasi mwingine. Angemtumia jike yule peke yake, kutwa, magunia mawili mgongoni, na usiku angemfunga peke yake kwenye mti. Wa kwanza aliyekuwa naye alikufa mwaka uliotangulia, na mwenyewe alisimulia jambo hilo kama mtu anayesimulia kuvunjika kwa jembe. Nilirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira na msimamizi, na jike, na mzee wa ndevu, na kila mtu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Kiongozi wetu alisema ni chukudu. Kama hujaziona, chukudu ni baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, ambayo vijana wetu huishusha milimani ikiwa imebeba magunia ya makala, yaani makaa, au mbao au viazi, huku breki yake ya mpira ikilia kwenye gurudumu la nyuma.

"Ni makelele ya chukudu njo inaiogopesha," akasema. "Weka yeye nyuma, piga fimbo, itafuata."

Hivyo ndivyo wanavyofanya kwa ng'ombe. Ng'ombe mwoga huwekwa mwisho, na fimbo nyuma yake, na akiona migongo ya wenzake anafuata. Kwa hiyo jike alikuwa wa mwisho tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza kama farasi ni ng'ombe.

Mama mkwe wangu alisema mnyama amerogwa, apelekwe kwa padri. Mimi niliamini chukudu. Niliazima chukudu ya shemeji yangu, nikaisukuma mwenyewe hadi zizini, nikaipakia viazi, nikaipandisha na kuishusha mbele ya jike wiki nzima, breki inalia, watoto wa kijiji wamekaa juu ya ua wanashangilia. Siku ya kwanza jike alirudi nyuma. Siku ya pili alitazama. Siku ya tatu alikuja akala viazi vyangu juu ya chukudu huku inatembea. Nikasema, nimeshinda.

Jumapili ya kwanza kati ya zile nne tukatoka. Tulikutana na mama mmoja aliyetoka sokoni na kikapu cha poro kichwani, yale majani marefu kama vitunguu. Nilisimama kumsalimia kama mtu aliyelelewa. Nilimuuliza habari ya kuamka, ya watoto, ya mume, ili nimalizie na mguu wake uliokuwa umevimba. Sijafika kwenye mguu, jike akaanza. Akalia, akazunguka, mgeni akashika shingo yake kwa mikono miwili. Nikadhani ni majani ya poro yanayoning'inia. Mbele kidogo tukakutana na chukudu mbili zimesimama, vijana wanapumzika. Nikawasalimia pia, mmoja ni mtoto wa dada wa mume wangu. Jike akaanza tena. Chukudu zilikuwa zimesimama kimya kama viti.

Nilirudi nimechoka na nimechanganyikiwa. Anaogopa poro, anaogopa chukudu zisizo na sauti, anaogopa mtoto wa dada wa mume wangu. Hata mimi nilianza kumfikiria padri.

Wiki ile jino likaniamkia. Lilikuwa gego la chini, na kufika Ijumaa shavu langu lilikuwa limevimba hivi kwamba jicho moja lilikuwa limebaki mstari tu. Sikuweza kufungua mdomo. Kunywa uji ilikuwa kwa pembeni. Mtu mwenye akili angebaki kitandani, lakini Jumapili zilikuwa zinahesabika, kwa hiyo ya pili nilifunga kitambaa kichwani mpaka kidevuni na nikatoka na msafara.

Tulikutana na watu wengi, ilikuwa wakati wa kutoka misa. Sikumsalimia hata mmoja. Kila aliyetokea niliinua mkono, nikapita, macho yangu kwenye mkia wa farasi aliyetangulia, maana kusimama tu kulifanya jino lipige. Nilitaka kitu kimoja, kufika nyumbani. Tulipanda, tukafika kileleni, tukateremka. Nilipomfunga jike zizini ndipo nikashtuka. Hakulia. Hakuzunguka. Shingo yake ilikuwa kavu kabisa. Chukudu zilitupita saba, moja ilidondosha gunia zima la makala mbele yetu, na yeye alikuwa amelitazama tu kama mwenye gunia.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiwa nimeshika shavu. Nilipitia siku zote mbaya alizokuwa nazo, moja baada ya nyingine. Siku ya poro nilisimama. Siku ya mzee wa ndevu nilisimama pia, nilikuwa nasalimiana na katekista, na katekista hana salamu fupi. Kila mara nilikuwa nimesimama, na wenzake farasi wanne walikuwa wameendelea, wakapotea nyuma ya kona. Na yeye amebaki peke yake, na mgeni mgongoni, na mwanamke wa aproni anayeuliza habari za mbuzi. Hakuogopa chukudu wala watu. Aliogopa kuachwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeivaa nguo hiyo kila siku nikijiona mtu wa adabu.

Nilicheka, jino likaniadhibu. Halafu nikakumbuka Nyamitaba, kamba na mti na hakuna farasi mwingine, na kicheko kikaisha.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Nisisimame tena, basi. Lakini Jumatatu mama mkwe wangu alikuja mlangoni kwangu na uso wa mahakama.

"Banasema weye unapitaka bantu sawa miti," akaniambia. "Banasema tangu upate farasi umekuwa mukubwa. Mama wa poro alikuya kulia kwangu. Miye nitajibu nini?"

Nilimwonyesha shavu. Akasema shavu halizuii mtu kusimama. Na alikuwa na haki, sitabisha. Kwetu, iwe Ntoto au Masisi, mtu unayekutana naye njiani humpiti. Unasimama, unamuuliza, anakuuliza, kila mmoja anajua mwenzake anaendeleaje. Katika nchi ambayo kuna siku huwezi kujua nani amelala nyumbani kwake na nani amelala porini, salamu si mchezo. Ndiyo namna tunavyohesabiana. Nikimtuliza farasi kwa kuwapita watu kama miti, nitakuwa nimepata farasi na kupoteza kijiji.

Nilifikiri siku nzima, mikono ndani ya maji ya chumvi. Jibu lilipokuja lilikuwa rahisi mpaka nikaona aibu. Kama jike hataki kuachwa, na mimi lazima nisimame, basi wasimame wote. Msafara mzima. Mbele mpaka nyuma.

Shida ilikuwa mtu wa mbele. Jumapili ya tatu shavu langu lilikuwa limeshuka, lakini mvua ilinyesha tangu alfajiri, chini huko barabara haikupitika, na hakuna mgeni aliyefika. Ilikuwa Jumapili iliyopotea, na ilibaki moja. Nikamfuata kiongozi wetu chini ya bati la zizi, pale alipokuwa anapaka tandiko mafuta, nikamwambia wazo langu. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, bageni bamekuya kutembea. Habakukuya kusalimia bamama ba soko. Na miye nichunge farasi miaka yote, halafu mama wa fromaji anifundishe?"

Kuna siku ningemjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Siku ile nilijizuia, na hilo pia najivunia. Nilimwomba kitu kidogo tu, awatoe farasi wale wanne zizini awapeleke nyuma ya nyumba ya maziwa, hatua mia, na atazame. Alitoka kwenye mvua akinung'unika. Wanne walipopotea nyuma ya ukuta, jike akainua kichwa. Akalia ile sauti. Akakimbia kando ya ua, akarudi, akakimbia tena, mapovu mdomoni. Hakukuwa na chukudu, hakukuwa na poro, hakukuwa na mtu ila mimi na vidole vyangu vyenye chumvi, ambavyo hakuvitaka hata kuvinusa. Kiongozi akawarudisha wanne. Jike akasimama katikati yao, akatikisa ngozi, akaanza kula majani.

Mwanamume yule alibaki kwenye mvua, maji yanatiririka kutoka kwenye kofia. Nilimwona anaelewa. Lakini kuelewa na kukubali ni ndugu wasiosemezana, kwa hiyo nikamsaidia kidogo.

"Na mukwe yako?" nikamuuliza. "Ile siku ulimupita ukiwa juu ya farasi, hata kofia haukutoa. Alisema nini nyumbani?"

Habari ile kila mtu aliijua: baba mkwe wake alikuwa amekataa chai nyumbani kwake mwezi mzima.

"Mama weye iko mubaya," akasema. Kisha akauliza, "Ile farasi tutaiweka wapi?"

Tukamweka katikati, wa tatu, dume mzee mtulivu nyuma yake na mimi kichwani pake. Wiki ile tulifanya mazoezi bila wageni, jioni baada ya kazi. Kiongozi akikutana na mtu, anainua mkono, wote tunasimama, pua ya farasi karibu na mkia wa mwenzake. Tunasalimiana. Mtu akimaliza habari zake, kiongozi anatazama nyuma kama kila farasi yuko tayari, halafu ndipo anapiga hatua. Hakuna anayeondoka kwanza. Siku ya kwanza jike alikuwa bado na wasiwasi, anasubiri tuachwe. Siku ya tatu alijua kwamba mtu njiani maana yake ni kupumzika na kula majani ya kando. Akimwona mama na kikapu kwa mbali alianza kupunguza mwendo mwenyewe. Watu nao walifurahi. Mama wa poro alikaa kando ya njia akitungojea, na mguu wake nikausikiliza mpaka mwisho.

Jumapili ya nne Papa Shefu mwenyewe alisema atapanda na sisi. Aliketi juu ya farasi wa pili, nyuma ya kiongozi, amevaa koti la mvua jipya na mabuti. Juu ya jike alipanda dada mmoja wa Goma, muuguzi, ambaye hajawahi kupanda kitu chochote ila moto za mjini, yaani pikipiki. Nilimwambia alegeze kamba, akae kama mtu anayekaa kwenye kochi lake, na akiogopa apumue polepole, maana farasi anasikia pumzi ya mtu kupitia tandiko. Akasema wagonjwa wake nao wako hivyohivyo.

Tulisimama kwa mama wa poro. Tulisimama kwa watu wa misa. Tulisimama kwa katekista, Mungu amsamehe. Wageni walianza kusalimia wenyewe, "Muliamuka? Batoto?", na watu wakawajibu, na mgeni mmoja akagundua kwamba mama aliyekuwa anamsalimia ni shangazi wa jirani yake wa Goma. Jike alikula majani. Kila tuliposimama nilimtazama Papa Shefu mgongoni, na niliona mgongo wake unakosa subira. Alitazama saa. Alitazama mawingu.

Chini ya kilele kuna kona kali, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili shimo. Hapo zikatokea chukudu tatu, zimejaa makala, breki zinapiga kelele kama nguruwe. Kiongozi akainua mkono. Tukajibana ukutani. Vijana wakasimamisha, jasho tupu, tukawasalimia, na wao wakafurahi kupumua. Dada muuguzi aliuliza wa kwanza anatoka wapi. Jike alipuliza pua akashusha kichwa.

Papa Shefu akasema, "Mvua inakuya. Miye naenda." Akampiga farasi wake kisigino, akampita kiongozi, akapotea nyuma ya kona.

Jike akainua kichwa. Nilihisi kamba inakaza mkononi, nikasikia ile sauti inaanza chini kabisa ya kifua chake. Upande wa kulia shimo. Dada aliniuliza, kimyakimya, "Mama, nishuke?" Nikamwambia akae, apumue. Halafu nikafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba yangu anapoita mbwa wake ng'ambo ya mto.

"Papa Shefu! Rudia hapa!"

Sikuongeza tafadhali. Vijana wa chukudu walinitazama midomo wazi, na kiongozi wetu, naapa, alivua kofia. Sijui ilipita dakika ngapi. Jike alikuwa anatetemeka bega lote na mimi nilikuwa nimeweka paji langu la uso shingoni mwake. Kisha kwato zikasikika, na Papa Shefu akatokea kwenye kona, uso umekunjwa.

"Unaniita miye vile?"

"Simama pale," nikamwambia. "Pale farasi ikuone. Na usiende mpaka wote twende."

Akasimama. Nadhani alisimama kwa mshangao, lakini alisimama. Jike akamwona yule farasi wake, akahesabu kwa namna yake, watano. Pumzi ndefu ikamtoka puani, ikanilowesha aproni. Shingo ikashuka. Akang'ata majani yaliyoota ukutani, akayatafuna na hatamu mdomoni, huku chukudu ya kwanza ikianza kushuka na kelele zake zote karibu na goti lake. Dada muuguzi alikuwa analia na kucheka. Mvua ikaanza, na tukaenda wote pamoja.

Papa Shefu hakunisemesha njia nzima ya kurudi. Nilifungua matandiko nikiwaza kwamba nimempoteza jike na nimepoteza kazi kwa sentensi moja. Sikujuta. Niliogopa, nilikuwa na baridi, lakini sikujuta.

Asubuhi ya Jumatatu yule mtu wa Nyamitaba alifika na kamba begani. Alikuwa ameagizwa zamani, siku ile ile ya mzee wa ndevu. Wafanyakazi wote walikuwa uani, wachungaji, wamama wa fromaji, kiongozi na kofia yake. Mtu wa Nyamitaba akavua kofia mbele ya msimamizi, akasema amekuja kwa ajili ya farasi. Nilisimama mlangoni pa chumba cha fromaji, mikono inadondosha maji.

Papa Shefu akanionyesha kwa kidole.

"Usiniulize miye. Uliza ule mama. Yeye njo anajua kama inaenda ao haiende."

Mtu yule akanigeukia. Na watu wote wakanigeukia. Miaka kumi na moja katika shamba lile hakuna aliyewahi kuniuliza jambo ambalo jibu langu lingefuatwa. Niliuliza kwanza habari za kuamka kwake. Akajibu ameamka. Niliuliza habari za watoto wake, akasema wako vizuri. Akaniuliza wangu.

"Haiende," nikasema.

Akangoja kidogo, pengine Papa Shefu aongeze neno. Papa Shefu alikuwa ameshaingia ofisini. Mtu wa Nyamitaba akaikunja kamba yake vizuri, akasema, "Aksanti, Mama," akashuka mlima. Nikalia pale mlangoni, mbele ya wachungaji wote, na sikuficha uso.